Kazi ya Mfumaji

Bibi alipoitwa mezani acheze na wenzake, kitu cha kwanza alichofanya ni kumtazama mwanawe usoni. Mtu mzima yule, fundi simu, mwenye kibanda chake na wateja wake, tangu lini akapenda michezo? Jumapili zote, chakula kikishaliwa, yeye hujitupa kitandani na kukoroma mpaka jua lipoe. Leo alikuwa amekaa wima kama mgeni, mikono juu ya meza, anatabasamu.

"Njoo Mama, kaa hapa. Kiti chenye mto tumekuwekea wewe."

Kiti chenye mto! Bibi akakaa, lakini ukingoni tu, kama mtu anayengoja jina lake liitwe kwenye foleni.

Mezani walikuwa wanne. Mjukuu wake, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa alama nyeusi iliyokaa shavuni kwake kama imechorwa, alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, na ndiye aliyeuleta mchezo nyumbani. Mama yake Kidoti, yaani mke wa huyo fundi simu, alikuwa muuguzi. Yeye alikaa upande wa dirishani, na mbele yake palikuwa na daftari dogo na kalamu. Karatasi za mchezo zilitapakaa meza nzima, lakini Bibi aliliona daftari lile kabla ya kitu kingine chochote.

Alikuwa na sababu.

Bibi alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba ile ndicho kilikuwa kiwanda chake: meza ndefu ya kukatia, cherehani ya miguu, pasi nzito, na mkasi mkubwa uliotundikwa kwenye msumari wake. Kushona aliweza kumwachia mtu. Kukata, hapana. Mshono ukipotoka unafumuliwa, yanaisha. Kitambaa kikikatwa vibaya umebaki na vitambaa vya kufutia meza. Miaka arobaini mkasi ule haukushikwa na mkono mwingine.

Halafu mwezi uliopita akakata koti la mwalimu mkuu. Kitambaa kizuri, bluu iliyoiva mpaka inakaribia weusi. Akakata, akashona, na alipofika kwenye mikono akagundua kwamba yote miwili ni ya kushoto. Kosa hilo lina njia moja tu ya kuingia. Kitambaa kina uso na kina mgongo. Mkono mmoja ukiukata uso ukiwa juu, wa pili lazima ukigeuze, mgongo uje juu. Usipogeuza, unamshonea mtu mwenye mikono miwili ya upande mmoja. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, tena mwanafunzi mzembe.

Mwalimu mkuu alicheka, akasubiri koti jingine. Nyumbani hakuna aliyecheka. Tangu siku ile Bibi akiingia jikoni, watu wanakohoa. Mwanawe anamwuliza, "Mama, leo siku gani?" kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, kumbe anangoja jibu. Mara mbili alikuta mkasi umetundikwa msumari wa pili badala ya wa kwanza. Hata taa ya kiwandani alikuwa na hakika wameibadilisha wakaweka yenye mwanga hafifu, wasiseme. Na wenye viwanda vya uzi nao, siku hizi wanausokota mwembamba makusudi ili mtu ahangaike na tundu la sindano. Kila mtu alikuwa ameanza njama zake.

Kesho, Jumatatu, palikuwa na makoti ishirini ya walinzi ya kukatwa. Kitambaa kilikuwa kimeshafika, kimelala pale chumba cha mbele. Swali lililokuwa linazunguka nyumba nzima bila kutamkwa lilikuwa moja: nani atashika mkasi?

Bibi alilijua swali hilo, na alijua linakotoka. Dada yake mkubwa naye walianza kumwuliza leo siku gani. Haukupita mwaka akawa anakalishwa kitini karibu na mlango, blanketi miguuni, watu wanazungumza juu ya kichwa chake kama anavyozungumziwa mtoto mchanga. Alikuwa mpishi wa shule yule, mtu aliyelisha watoto mia nne kila siku. Kisha hata kijiko akawa anashikiwa.

Kwa hiyo mtu akikuwekea kiti chenye mto, unakaa ukingoni.

"Haya, Kidoti," akasema Bibi. "Huu mchezo wenu unachezwaje?"

"Ni hadithi, Bibi, ila tunaitunga pamoja. Mimi msimulizi. Ninyi ni wasafiri watatu mnaingia ngome ya mfalme aliyekufa zamani, kumtoa binti wa mhunzi aliyefungwa humo. Mimi nasema mnachokiona, ninyi mnasema mnachofanya. Mambo ya bahati tunarusha hili dadu." Akalionyesha. Lilikuwa na nyuso ishirini, dogo kama jino la ng'ombe. "Lakini kwanza kila mtu anachagua kazi."

"Kazi ninayo."

"Kazi ya mle ndani, mke mwenzangu." Ndivyo walivyotaniana wawili hawa tangu Kidoti alipoanza kutembea, kwamba wanamgombea mume mmoja, naye marehemu babu. "Kuna nne. Mbabe, huyu anapiga watu. Mnyemelezi, anafungua makufuli na kupita kimya kimya. Mganga, anakaa nyuma na kuwatibu wenzake. Na Mfumaji, lakini huyo mwache."

"Mbabe mimi," akadakia mwanawe. "Mama achukue Mganga. Mganga raha tupu. Unakaa, mtu akiumia unasema pole, anapona."

"Eeh Bibi, Mganga," Kidoti naye akasema, haraka kidogo. "Hawezi kukosea, hata akitaka."

Hawezi kukosea. Bibi akalitafuna neno hilo polepole. Kwa nini wamchagulie kazi isiyokosewa? Mtu anayechukua kazi ya kukaa na kusema pole, mwisho wa mchezo atakuwa ameonyesha nini? Hakuna. Watasema: mnaona, Mama amefurahi, amekaa vizuri, basi akae vivyo hivyo na kesho.

"Na huyo Mfumaji wa kuachwa, ana nini?"

Baba na binti wakatazamana. Bibi aliuona mtazamo ule.

"Bibi, anaumiza kichwa yule. Chuoni hakuna anayemtaka."

"Nimeuliza ana nini, sikuuliza nani anamtaka."

Kidoti akavuta karatasi. "Ana uganga wa nyuzi. Kuna nyuzi nyingi, kila mmoja rangi yake na kazi yake. Kila asubuhi anachagua sita tu. Anautumia uzi kwa kuuita kwa rangi yake, ukishatumika umekwisha mpaka kesho yake. Na akijisahau akauita uzi ambao alikwisha kuutumia, uzi unageuka, unamkaba mwenzake."

"Unamkaba mpaka?"

"Mpaka basi."

"Na akicheza vizuri?"

Kidoti akashindwa kuficha. Macho yalimng'aa. "Akicheza vizuri, Bibi, hakuna anayefurahi kama yeye! Mbabe anajua kitu kimoja, kupiga. Mfumaji unakaa unapiga hesabu: huu niutumie sasa au niubakishe? Mlango ule unahitaji upi? Unatoka jasho umekaa kitini. Ukifika mwisho na uzi mmoja mkononi, halafu ndio huohuo unaotakiwa..." Akakumbuka alipo. "Lakini ni mgumu."

"Mama, sisi tumekuja kustarehe," mwanawe akasema. "Ya nini kujitesa?"

Muuguzi akainua kichwa. "Mwacheni achague anachotaka."

Hapo Bibi akazidi kushtuka. Mwanawe anamtaka akae nyuma, hilo analielewa, mwanawe ni mwoga tangu utoto. Lakini huyu mwenye daftari, mbona anamfungulia njia ya kwenda kwenye ugumu? Anataka aanguke apate la kuandika? Ukichukua kazi rahisi wanasema huwezi, ukichukua ngumu wanaandika umeshindwa. Wamemziba mbele na nyuma.

Basi, kama ni kuanguka, aanguke akiwa anakimbia.

"Mfumaji," akasema. "Lete karatasi yangu."

"Mama..."

"Wewe mbabe, tulia. Hata hujaanza kupiga watu umeshaanza kelele." Akamgeukia mjukuu. "Sheria. Ninaruhusiwa kuandika?"

"Hapana, Mfumaji haandiki kitu. Lazima akae nazo kichwani."

"Kuandika hapana. Kushika je?"

Kidoti akafungua kitabu cha sheria, akapekua, akafunga. "Kushika hakujakatazwa."

Bibi akainuka, akaenda chumba cha mbele, akarudi na kopo la vifungo. Shule aliiacha darasa la nne, na vitabu vya wateja hakuwahi kuwa navyo. Kila furushi la kitambaa lililoingia mlangoni mwake alilifunga kwa uzi wenye kifungo, na kifungo ndicho kilichokuwa barua: cha mfupa, mama mjane; cha shaba, mwenye duka la viatu; chenye matundu mawili, bado hajapimwa. Miaka arobaini hakuwahi kumpa mtu suruali ya mtu.

Akachagua sita, akavipanga mbele yake. Chekundu, uzi wa moto. Cheupe, uzi wa kufunga majeraha. Cha njano, uzi wa kutoa mwanga. Cha kijani, uzi wa kufungua vilivyofungwa. Cheusi, uzi wa kuwalaza adui usingizi. Cha bluu, uzi wa kujenga daraja. Kidoti akamwambia avitaje tena. Akavitaja kwenda na kurudi. Kalamu ya muuguzi ikakwaruza daftarini.

Wakaingia ngomeni.

Kusema kweli, Bibi hakutegemea kwamba ingekuwa tamu vile. Kidoti alisimulia mpaka mtu ukasikia unyevu wa kuta. Njia panda ya milango mitatu, wakaingia wa pili. Mbwa mwenye vichwa viwili akawatokea. Mbabe akakimbilia kupiga, dadu likamkataa, akang'atwa paja. Bibi akangoja. Kila mtu anakitazama kifungo chekundu, moto, umuunguze mbwa! Yeye akauliza, "Huyo mbwa, vichwa vyake vinapendana?"

"Vinapendana vipi, Bibi?"

"Tukimtupia mfupa mmoja, vitagawana?"

Kidoti akacheka mpaka akashika tumbo. Mnyemelezi, yaani muuguzi, akatupa mfupa, vichwa vikaanza kuraruana, wao wakapita pembeni. Uzi haukutumika hata mmoja. "Mwanangu, paja lako utajifunga mwenyewe," Bibi akamwambia Mbabe. "Cheupe sikitoi kwa mtu asiyengoja."

"Huyu ndiye mama aliyenizaa?" mwanawe akalalamika, na safari hii tabasamu lake lilikuwa la kweli.

Lakini hakuacha vijiswali vyake. Walipofika ukumbi wa nguzo akajifanya kujikuna sikio. "Hivi Mama, kule mwanzo tuliingia mlango gani vile?"

"Wa pili, wenye bawaba za shaba. Na wewe ulitaka wa kwanza. Na nguzo za humu ni saba, na ya tatu Kidoti amesema ina ufa. Uliza kingine."

Kidoti akainamisha uso kuficha kicheko. Kalamu ikakwaruza.

Jambo moja lilimsumbua Bibi kuhusu kalamu ile. Haikuandika tu alipojibu. Iliandika hata alipokuwa kimya. Alipolisogeza dadu karibu na pua kusoma namba, ikaandika. Alipogeuza kichwa chote ili amwone Kidoti aliyekaa kushotoni kwake, ikaandika. Anaandika nini huyu? Mtu akinyamaza amesahau nini?

Katika ukumbi ule walitokea walinzi, wanane, wenye mikuki. Mwanga ukahitajika, Bibi akaita njano. Walinzi wakawaona, wakaja. Hapakuwa na mfupa wa kuwatupia.

"Nyeusi," akaita Bibi. "Walale wote." Akaondoa kifungo mezani, akakidondosha mapajani mwake pamoja na kile cha njano. Dadu likamkubali. Walinzi wanane wakalala chini wakikoroma, Kidoti akawakoromea mmoja mmoja, na mlinzi wa mwisho akamkoromea kwa sauti ya baba yake wa Jumapili nyingine. Meza nzima ikacheka, hata mwenye daftari.

Mlango wa chuma, Bibi akaita kijani, ukafunguka. Nyuma yake, kilindi. Upande wa pili wa kilindi, taa inawaka, na sauti ya binti wa mhunzi inaita. Upana wake haurukiki.

Bibi aliegemea nyuma. Kwa mara ya kwanza siku ile mgongo wake ukagusa kiti. Alikuwa ameuhifadhi uzi huu tangu mwanzo. "Bluu," akasema taratibu, kama mtu anayeweka sufuria mezani mbele ya wageni. "Daraja."

"Mama." Sauti ya mwanawe ilikuwa imebadilika. "Bluu umeshatumia."

"Nani kasema?"

"Si hiki hapa mapajani mwako? Njano, kijani, bluu. Mezani umebaki na chekundu, cheupe na cheusi."

"Nilitumia nyeusi kwa walinzi. Bluu hii hapa." Akakichukua kifungo kutoka mezani, akakiinua ili wote waone.

Walikiona wote. Kilikuwa cheusi kama mkaa.

Mwanawe akaweka mikono yote miwili usoni, akaishusha, na Bibi aliusoma uso ule kama anavyousoma mshono: hapo ndipo walipokuwa wanapangoja. Siku nzima walikuwa wanapangoja hapo.

"Basi uzi umenikaba mimi," mwanawe akasema, akijaribu mzaha, lakini mzaha ukakosa miguu. "Si kitu, Mama. Tumecheza vya kutosha. Umechoka. Kesho pia si lazima..."

"Kesho si lazima nini?"

"Nasema tu upumzike."

Bibi akanyosha mkono kwa muuguzi. "Lete daftari."

"Mama, ni mambo ya..."

"Ni mambo yangu. Kama ni mimi niliyeandikwa humo, nina haki ya kujisoma."

Muuguzi akamtazama mumewe, kisha akalisukuma daftari mezani. Bibi alisoma kama alivyosoma sikuzote, kidole chini ya neno, midomo ikitikisika, na kwa kulivuta daftari mpaka likamgusa pua. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

*Nyuzi sita, kazi zake zote, mbele na nyuma: sawa. Mlango: sawa, na bawaba. Nguzo: sawa.* Akafungua ukurasa. *Dadu: amesoma 16, ni 18. Kushoto haoni mpaka ageuze shingo. Karatasi puani.* Na mstari wa mwisho, wino bado mbichi: *Walinzi. Ametamka nyeusi. Ameondoa cha bluu. Kichwa kizima. Jicho!* Neno jicho lilipigiwa mstari mara tatu.

Bibi akausoma mstari ule mara mbili. Ya pili hakutikisa midomo.

"Kidoti," muuguzi akasema kwa upole, "Bibi aliita rangi gani kwa walinzi?"

"Nyeusi," Kidoti akasema, kisha akaruka kitini. "Nyeusi! Aliita nyeusi, nilisikia mwenyewe! Sheria inasema uzi unaitwa, haikusema kifungo. Bluu haijatumika!"

Muuguzi akaokota vifungo viwili, kimoja mezani, kimoja mapajani mwa Bibi, akamshika mkono akampeleka mlangoni kwenye jua. Akamwekea kiganjani. "Ziba jicho la kulia, Mama. Kipi cha bluu?"

Bibi akaziba. Katika kiganja chake aliona vitu viwili vya mviringo vimezama kwenye maziwa. Akaziba la kushoto. La kulia lilimwonyesha vizuri kidogo, lakini hata hilo lilitaka muda kutenganisha bluu na weusi, tena juani. Kitambaa cha mwalimu mkuu kilikuwa bluu hiyohiyo. Uso wake na mgongo wake vilitofautiana kwa kumeta kidogo tu.

"Tangu lini?" muuguzi akauliza.

"Tangu mlipobadilisha taa."

"Taa haijabadilishwa, Mama."

Bibi alikuwa amejua na hakuwa amejua. Alijua kwamba siku hizi akitunga uzi sindanoni anafumba la kushoto. Hakutaka kujua kwa nini. Ilikuwa nafuu kumshuku kila mtu na kila kitu, taa, uzi, misumari, kuliko kulishuku jicho lake mwenyewe.

"Mbona hukuniuliza waziwazi?"

"Nilikuuliza mwaka jana. Ukaniambia macho yako yanaona mpaka dhambi zangu."

Kidoti akacheka, akajiziba mdomo. Bibi naye pembe ya mdomo ikamsaliti.

"Ni mtoto wa jicho," muuguzi akaendelea. "Kwetu hospitalini wanamtoa kila wiki. Sikusema wewe unapoteza kichwa, Mama. Huyu ndiye aliyesema." Akamwelekezea mumewe kidevu. "Akaniomba nikupime kwa siri. Nikakubali, kwa sababu nilitaka nione unavyotazama, si unavyokumbuka. Ndiyo maana nikataka uchukue kazi ngumu. Kwa Mganga nisingeona kitu."

"Na mimi nilitaka uchukue Mganga ili ushinde," Kidoti akasema kwa sauti ndogo. "Baba aliniambia ni kipimo. Nisamehe, Bibi."

Bibi akarudi kwenye kiti chake. Safari hii alikaa katikati ya mto, akamkabili mwanawe, aliyekuwa anachezea kona ya karatasi yake ya Mbabe kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Na yule mkataji wa mtaa wa pili," akasema, "umemwambia aje saa ngapi?"

Mwanawe akaruka. "Nani kakwambia habari za mkataji?"

"Wewe. Sasa hivi."

Muuguzi akamgeukia mumewe polepole. "Umemwita mkataji? Kabla hata ya mchezo?"

"Niliogopa!" akasema yule mtu mzima. "Makoti ishirini, mikono arobaini! Ningefanyaje? Nilimkumbuka Mama Mkubwa pale mlangoni na blanketi lake, nikasema bora mkasi niutoe mimi, taratibu, kuliko siku moja..."

Hasira ambayo Bibi alikuwa ameiandaa tangu asubuhi ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imekatwa kwa vipimo vya mtu mwingine, haikumwenea huyu. Yeye mwenyewe alikuwa anamwona dada yake pale mlangoni kila usiku.

"Mpigie," akasema. "Mwambie asije."

"Nitampigia jioni."

"Sasa. Na uweke spika."

"Mama, huniamini?"

"Fundi simu mzima hujui spika iko wapi?"

Akapiga. Sauti ya mkataji ikajaa chumbani, ya mtu aliyeamshwa. Mwanawe akamwambia kazi ya kesho haipo tena, ina mwenyewe. "Sawa kaka," sauti ikajibu, "mimi nilikwambia tangu juzi, kwa yule mama mimi naona haya hata kushika chaki." Bibi akatazama dari kama hakusikia. Halafu akanyosha shingo ahakikishe simu imekatwa kweli.

"Jumanne unanipeleka huko kwenu," akamwambia muuguzi. "Lakini makoti ya watu ni ya kesho. Zamu yako inaanza saa ngapi?"

"Saa nne."

"Basi saa kumi na mbili uko mezani kwangu na chaki."

Wakamalizia ngome, maana binti wa mhunzi alikuwa bado anaita. Daraja la bluu likatandazwa, wakavuka wote watatu, Mbabe akichechemea.

Asubuhi yake jua lilipoingia chumba cha mbele, kitambaa cha walinzi kilikuwa kimetandazwa meza nzima, bluu iliyoiva. Muuguzi, kanga kiunoni juu ya sare yake nyeupe, alipita kwa kila kipande, akakigeuza kwenye mwanga, akatia msalaba mnene wa chaki kwenye mgongo. Kazi hiyo hakuijua. Alikosea viwili, akafuta, akarudia. Bibi alimfuata nyuma, vidole juu ya kitambaa, akipapasa vumbi la kila msalaba.

"Vyote umeweka?"

"Vyote, Mama."

"Hakika?"

"Hakika."

"Kidoti, pita uangalie kama mama yako anasema kweli."

Kidoti akapita, akifikicha macho ya usingizi. "Kweli tupu, mke mwenzangu."

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, haingii, hatoki. Bibi akautoa mkasi kwenye msumari, akaupima uzito, akamwambia aidha aingie ashike ncha ya kitambaa au aende kazini, mlango si wa kuegemea. Akaingia, akashika ncha.

Bibi akauweka mkasi ukingoni mwa mkono wa kwanza, wa kulia. Hakukata. Aliinua kichwa, akageuza shingo yote kumtazama mkwewe.

"Niambie tena. Msalaba uko wapi?"

"Chini, Mama. Uso uko juu."

Mkasi ukaingia kitambaani.